Umepandikizwa uboho? Usipuuze kuhara

Ikiwa umepandikizwa uboho wa mtu mwingine, au unamuuguza aliyepandikizwa, usichukulie kuhara kuwa jambo dogo. Baadhi ya Wakenya wanaougua saratani ya damu husafiri hadi India kwa matibabu haya. Wakisharejea nyumbani na tumbo likichafuka, ni rahisi kudhani ni amiba au taifodi na kukimbilia duka la dawa. Kosa hilo linaweza kugharimu maisha.

Pengine unajiuliza, mbona tumbo lidhurike ilhali ugonjwa ulikuwa wa damu? Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali ili kuangamiza uboho wake mbovu. Dawa hizo huharibu pia utando laini wa kinywa na utumbo. Ndiyo sababu katika wiki za kwanza mgonjwa hupata vidonda mdomoni, kichefuchefu na kuhara. Kwa kawaida hali hii hupungua chembechembe nyeupe za damu zinapoanza kuongezeka.

Tatizo zito zaidi huja baadaye. Chembechembe za kinga zilizotoka kwa mfadhili huuona mwili wa mgonjwa kuwa adui na kuushambulia, mithili ya mgeni anayemgeukia mwenyeji wake. Hulenga hasa ngozi, ini na utumbo. Mara nyingi haya hutokea katika siku 100 za kwanza, ingawa yanaweza kuchelewa.

Dalili ni zipi? Ngozi hutokwa na vipele, macho huwa manjano, hamu ya chakula hupotea na mgonjwa huhara maji mengi. Kwa mtu mzima, kuhara zaidi ya nusu lita kwa siku ni ishara ya hatari. Ikipita lita 1.5, au kukiwa na damu au maumivu makali ya tumbo, hali ni mbaya sana.

Hata hivyo, si kila kuhara husababishwa na mashambulizi haya. Huenda ni viini, au hata dawa anazotumia mgonjwa. Ili kutofautisha, daktari hupima kinyesi, na wakati mwingine huingiza mpira mwembamba wenye kamera na kutoa kipande kidogo cha utumbo kichunguzwe. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu mashambulizi hutibiwa kwanza kwa steroidi, dawa zinazopunguza nguvu za kinga. Zikitumiwa ovyo, viini hupata mwanya wa kuenea. Kwa wale ambao steroidi hazikuwasaidia, Marekani iliidhinisha dawa ya ruxolitinib mwaka wa 2019.

Nawe ufanye nini nyumbani? Pima kiasi unachohara na uandike. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza dawa, mwarifu daktari. Usiache dawa za kutuliza kinga bila idhini yake, wala usinunue za kufunga choo. Kunywa maji yaliyochemshwa, kula nyama na mayai yaliyoiva vizuri, na uepuke maziwa yasiyochemshwa. Balungi pia liepuke, kwani huvuruga baadhi ya dawa hizo.

Zaidi ya yote, kabla ya kuondoka hospitalini, omba ripoti kamili ya matibabu na nambari ya simu ya daktari wako. Kuhara kukianza, mpigie siku hiyo hiyo.