Pangaboi la boti likiharibika: Litengenezwe au linunuliwe jipya?

WILAYA za Kasulu na Kibondo zimo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mbali na mawimbi ya Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, maisha ya wakazi wake yamefungamana na vyombo vya majini kuliko ramani inavyoonyesha.

Dagaa na migebuka wanaouzwa katika masoko ya wilaya hizo huvuliwa ziwani, na mfanyabiashara anayewasubiri sokoni Kasulu hupata hasara boti inapokwama njiani, hata kama hajawahi kupanda boti maishani mwake.

Mwezi Mei 2015 ukweli huo ulidhihirika kwa namna nyingine. Makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ambako ugonjwa wa kipindupindu ulizuka. Njia ya kuwaondoa ilikuwa ya maji.

Meli kongwe ya MV Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowasafirisha hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapelekwa kwa barabara katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Oktoba mwaka huohuo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena ili kupokea wengine.

Katika safari kama hizo, usalama wa abiria hutegemea kifaa wasichokiona: pangaboi, ambalo waendesha boti wengi huliita propela au panga. Likigonga mwamba au kisiki, mwenye chombo hukabiliwa na swali moja gumu: alitengeneze au anunue jingine?

Kazi ya pangaboi

Pangaboi husukuma maji nyuma ili chombo kiende mbele. Vipimo vyake viwili vikuu ni kipenyo na pichi. Pichi ni umbali ambao pangaboi lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama parafujo inavyozama katika mbao.

Vipimo hivyo aghalabu huandikwa kwa inchi kwenye kitovu chake. Kwa mfano, 9¼ kwa 11 maana yake ni kipenyo cha inchi tisa na robo, na pichi ya inchi 11. Kwa injini zinazofungwa nyuma ya boti, mabadiliko ya inchi moja tu ya pichi huweza kupandisha au kushusha kasi ya injini kwa mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika.

Kwa sababu hiyo, bawa lililopinda kidogo si suala la sura peke yake. Mabawa yasipolingana, kila moja husukuma maji kwa nguvu tofauti na chombo huanza kutetemeka. Mtetemeko huo husafiri kwenye shafti, hula beringi na kuharibu sili. Sili ikishindwa, maji huingia kwenye giaboksi na kuchanganyika na oili. Hapo hasara ya pangaboi hugeuka kuwa hasara ya injini.

Dalili za kuchunguza

Dalili ya kwanza ni mtetemeko ambao haukuwapo awali. Ya pili ni injini kunguruma kwa kasi kubwa huku boti ikienda polepole, na ya tatu ni mafuta kuisha mapema kuliko kawaida katika safari ileile na mzigo uleule.

Hata hivyo, dalili ya pili huweza kutokea ilhali mabawa ni mazima. Mapangaboi mengi ya injini za nje yana bushi ya mpira ndani ya kitovu, inayolinda gia dhidi ya kishindo. Mpira huo ukichoka, shafti huzunguka na pangaboi likabaki nyuma.

Jaribio lake ni rahisi. Mstari mmoja wa rangi huchorwa kutoka sehemu ya ndani ya kitovu hadi ya nje, kisha boti huendeshwa ikiwa na mzigo. Mstari ukikatika na pande zake mbili zikaachana, bushi imeteleza. Katika aina nyingi bushi hubadilishwa peke yake bila kununua pangaboi jipya. Kwa injini ndogo, huenda kilichokatika ni pini tu, ambayo imewekwa makusudi ili ivunjike kabla ya gia.

Kabla ya uchunguzi wowote, injini sharti izimwe na kamba ya usalama au ufunguo uondolewe, kwani pangaboi likishtuka huweza kukata vidole.

Lipi litengenezwe?

Jibu huanzia kwenye madini. Mapangaboi ya alumini ni ya bei nafuu na ndiyo ya kawaida katika boti ndogo. Alama ndogo kwenye ukingo wa bawa husawazishwa kwa tupa, na bawa lililopinda kidogo huweza kunyooshwa na fundi mwenye vifaa vya kupima pichi. Lakini alumini iliyopindishwa na kunyooshwa mara kwa mara huchoka, na sehemu iliyochomelewa huweza kuwa dhaifu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Shaba nyeusi, ambayo hutumika zaidi katika meli, na chuma kisichoshika kutu hutengenezeka vizuri zaidi na hugharimu zaidi kununuliwa upya. Hivyo, kuyakarabati huwa na maana hata baada ya uharibifu mkubwa kiasi. Chuma nacho kina kasoro yake: kwa kuwa hakivunjiki kwa urahisi, kishindo cha mwamba huweza kupelekwa moja kwa moja kwenye gia.

Mahali palipoharibika pana uzito kuliko ukubwa wa jeraha. Ncha ya bawa hubeba mzigo mdogo, ilhali shina lake, pale linapoungana na kitovu, hubeba mzigo mkubwa kupita sehemu zote. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za ukaguzi wa meli huyagawa mabawa katika kanda tatu, na uchomeleaji karibu na shina kwa kawaida hauruhusiwi. Kwa mwenye boti ndogo funzo ni lilelile: ufa kwenye shina au kitovu maana yake ni pangaboi jipya.

Hesabu ya mfuko

Wamiliki wengi hulinganisha bei ya fundi na bei ya duka, kisha huchagua iliyo ndogo. Hesabu hiyo haijakamilika.

Chukua mfano wa kukadiria tu. Pangaboi jipya ni Sh300,000 na ukarabati ni Sh120,000. Ikiwa lililokarabatiwa halikurejea katika kipimo chake na linakula lita moja zaidi kila safari, na lita ni Sh3,000, baada ya safari 60 mmiliki atakuwa ametumia Sh180,000 za ziada. Jumla inakuwa Sh300,000, sawa na bei ya jipya, na bado ana pangaboi bovu.

Kwa upande mwingine, kipya kinyemi ingawa kidonda. Pangaboi jipya lenye pichi isiyolingana na injini huweza kuleta madhara kuliko la zamani lililonyooshwa vizuri. Kipimo kilichoandikwa kwenye kitovu na mwongozo wa injini ndivyo viwe dira ya mnunuzi.

Funzo la MV Liemba

Mkoa wa Kigoma una mfano hai wa mjadala huu. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza walipaka injini zake grisi nzito.

Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Injini za mvuke zilizohifadhiwa vizuri zilitengenezeka, hivyo zikatumika tena. Miongo kadhaa baadaye, katika miaka ya 1970, injini hizo ziliondolewa na kuwekwa za dizeli, ila umbo la meli likabakizwa. Kilichofaa kilikarabatiwa, kilichopitwa na wakati kikabadilishwa.

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na boti isiyo na msukumo katikati yake haiwezi kutia nanga. Hupelekwa na upepo. Kwa hiyo pangaboi la zamani ambalo bado linazunguka lisitupwe. Libebwe chomboni kama akiba, pamoja na pini, spana, makasia na jaketi okozi kwa kila abiria.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Ziwani, ufa huo huweza kuwa kwenye bawa la pangaboi, na wa kwanza kuulipia ni abiria aliye katikati ya maji.