Kompyuta inazima ukiprinti lebo kutoka PowerPoint? Jua kwanza nini kimezima

Leo naongea na nyie mnaotengeneza lebo, orodha za bei na vipeperushi kwa PowerPoint. Najua tupo wengi. Kupanga picha na maandishi humo ni rahisi, na wengi wetu tumejifunza wenyewe tu kwa kubonyeza bonyeza. Shida inakuja ukibonyeza Print. Kitu kinazima, na mteja anasubiri.

Yaliyonikuta mimi ni haya. Nipo Same mjini, nauza tangawizi ya unga. Tangawizi inashuka kutoka milimani huko Mamba Miamba, nakausha, nasagisha, nafungasha, nauza WhatsApp na Instagram. Mizigo ya Dar inapanda basi hapa hapa Same.

Alhamisi moja nilikuwa na oda ya pakiti 60. Mteja aliniambia wazi, "Dada, Jumamosi asubuhi nina meza kwenye maonyesho, mzigo usipofika Ijumaa nimekwama." Unga upo, mifuko ipo, zimebaki lebo tu. Lebo 10 kwa karatasi, karatasi 6. Kazi ya dakika kumi, nikajiambia.

Nikabonyeza Print. Kompyuta ikajizima na kuwaka upya. Nikarudia, ikazima tena. Nikaifuta PowerPoint, nikaweka upya, bando limeisha, bado inazima. Saa tatu zimepita na basi limeondoka.

Nikampigia kaka mmoja fundi. Hakugusa kitu kwanza, akaniuliza, "Mdogo wangu, inayozima ni kompyuta au ni PowerPoint?" Nikaona kama ananichelewesha. Kumbe swali hilo ndiyo dawa yenyewe.

Swali la kwanza: nini kimezima?

Angalia kioo kwa makini. Kuna mambo matatu na hayafanani:

1. Kompyuta nzima inazima au inawaka upya.
2. PowerPoint peke yake inajifunga au inaganda, kompyuta ipo hewani.
3. Vyote vipo sawa, ila karatasi haitoki na kazi zimejazana kwenye foleni ya printa.

Kila moja lina dawa yake. Ukitumia dawa ya la pili kwa ugonjwa wa kwanza, utafanya kama mimi, utafuta programu isiyo na kosa.

Kompyuta nzima ikizima, anzia kwenye umeme

Fundi aliniambia nifungue Notepad, niandike jina langu, niprinti. Kompyuta ikazima vile vile. "Umeona? PowerPoint haihusiki hapo."

Kosa lilikuwa langu. Printa yangu ni ya leza. Hizi zinatumia wino wa unga, na ndani kuna sehemu inayopata moto sana ili ule unga uyeyuke na kushika kwenye karatasi. Printa ikianza kupasha moto, kwa sekunde chache inaweza kuvuta wati 500 na zaidi. Mimi nilikuwa nimechomeka printa, kompyuta na friji ya duka kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi. Umeme ukishuka kidogo tu, kompyuta ya mezani inakata.

Fanya hivi:
- Chomeka printa ya leza kwenye soketi yake ya ukutani.
- Usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Itaizidi nguvu.
- Laptopu yenye betri nzima haisumbui hapo. Ila kama betri imekufa na unategemea chaja tu, ihesabu kama kompyuta ya mezani.
- Kama printa yako ni ya wino wa maji, inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo tafuta sababu nyingine: joto na vumbi ndani ya kompyuta, au draiva ya printa. Sisi wa Same vumbi tunalijua.

PowerPoint peke yake ikijifunga, ipime kwa PDF

Nilipohamisha printa, karatasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu, PowerPoint ikajifunga yenyewe, kompyuta ikabaki inawaka. Nilitaka kulia. Kumbe nilikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

Kipimo ni rahisi. Usiprinti. Bonyeza File, kisha Save As, halafu kwenye aina ya faili chagua PDF.

PDF ikikubali, faili lako ni zima. Iprinti hiyo PDF, na kazi imeisha. Kama hata PDF inagoma kuprintiwa, tatizo lipo kwenye printa au draiva yake. Ifute printa kwenye kompyuta, uiweke upya kwa draiva ya toleo lako la Windows kutoka tovuti ya kampuni iliyoitengeneza.

PDF ikikataa na PowerPoint ikajifunga, tatizo lipo ndani ya faili au ndani ya programu. Nenda hivi kwa mpangilio:

- Hifadhi ukurasa mmoja mmoja. Ule unaoangusha programu ndio mgonjwa. Wangu ulikuwa wa tatu.
- Punguza picha. Nilikuwa nimeingiza picha za simu zilivyo, halafu nazivuta kona ziwe ndogo. Kuvuta kona kunapunguza unachokiona tu, uzito wa picha unabaki ule ule. Bofya picha, nenda Picture Format, kisha Compress Pictures, ondoa tiki ya kuhusu picha hiyo moja tu ili ziguswe zote, chagua 220 ppi. Kwa lebo inatosha kabisa.
- Bado? Fungua faili jipya tupu, nakili kurasa nzima nzima uziweke humo, na ile mgonjwa itengeneze upya.
- Bado? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika powerpnt /safe, kisha Enter. PowerPoint itafunguka bila vile vya ziada vilivyojishikiza. Ikiprinti vizuri hapo, nenda File, Options, Add-ins, uvizime kimoja kimoja mpaka umpate mchawi.

Na angalia printa iliyochaguliwa kama ya kawaida kwenye kompyuta. Kama ni ile uliyoiuza mwaka jana, PowerPoint inaweza kuganda ikiitafuta. Chagua uliyonayo mezani.

Foleni ikijaa

Ukibonyeza Print mara tano kwa hasira, kazi tano zinapanga foleni na ya kwanza ikiwa mbovu zote zinasimama. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, bofya upande wa kulia wa mausi, chagua Restart. Kisha fungua foleni ya printa, futa zilizobaki, na utume moja tu.

Nilivyolipa, na ninavyofanya sasa

Lebo zilitoka saa nne usiku. Mzigo ulipanda basi la Ijumaa mchana badala ya Alhamisi. Mteja alikuwa ameshaogopa, akanunua nusu kwa mtu mwingine. Katika pakiti 60 alichukua 30. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliniambia tu, "Dada, mimi sikuweza kusubiri."

Tangu siku hiyo nina taratibu tatu. Lebo naprinti siku oda inapoingia, sisubiri siku ya kusafirisha. Kila lebo ikikamilika naihifadhi PDF, naprinti hiyo. Na ile PDF najitumia WhatsApp kama dokumenti, siyo kama picha, maana ukiituma kama picha inapungua ubora. Umeme ukikatika au printa ikigoma, naenda steshenari yoyote na simu yangu, lebo inatoka vile vile nilivyoipanga.

Siku kompyuta ikikuzimia usianze kufuta vitu. Kaa, kunywa maji, jiulize: nini kimezima? Printi neno moja kwenye Notepad, halafu hifadhi PDF. Dakika tano tu zitakuonyesha pa kuanzia.

Mtumie na mwenzako anayeprinti lebo usiku wa kuamkia safari. Biashara njema wadau.