Korona, makao, na yule mtu ambaye midahalo inamruka (uzi)

Kila mdahalo ukifika kwa Korona, upande mmoja unasema "tulisaidia wazee na mayatima", upande mwingine unajibu "pesa ililiwa". Mimi naishi hapa Kware na hiyo ngoma nimeisikia ya kutosha. Kuna mtu pande zote mbili zinamruka: yule anayefanya kazi kwenye makao. Anayeogesha mzee, anayelisha mtoto, anayelala zamu. Twende pole pole.

Kwanza tupeane haki. Tarehe 25 Machi 2020 serikali ilitangaza shilingi bilioni 10 za ziada kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Ikaondoa PAYE kwa anayelipwa hadi 24,000 kwa mwezi, na VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Hizo si porojo.

Sasa angalia njia. Zile bilioni 10 zilikuwa za kumpa mzee au mtoto pesa mkononi, sio makao anayoishi. Na PAYE? Tuseme mama wa hapa Kware analipwa 12,000 kwenye makao ya watoto. Kwa hesabu za wakati ule, nafuu ya kawaida ya 1,408 kwa mwezi ilikuwa tayari inameza kodi yake yote. Hakuwa anakatwa PAYE hata bob. Ukimwondolea kodi ambayo halipi, umempa nini?

Halafu kuna mambo ya kuugua, na hapa ndipo watu hunyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Karantini ilikuwa siku 14. Kwa hivyo hata mwajiri akifuata sheria neno kwa neno, wiki ya pili ni nusu. Na kama hauugui, umekaribiana tu na mgonjwa, cheti utatoa wapi? Mwenye ploti hangoji. Mtu wa aina hiyo akianza kukohoa atafanya nini? Atameza dawa apande matatu aende zamu, na huko anashika mzee wa miaka 80.

Mwajiri naye si lazima awe mbaya. Makao mengi ya kanisa na ya watu binafsi yanaishi kwa mchango: wageni wa Jumamosi na unga, sabuni, kabahasha kadogo. Ukizuia wageni ili virusi visiingie, umezuia na kapu ambalo mishahara inatoka.

Uingereza, ambako Wakenya wengi wanafanya hii kazi, vifo kwenye makao ya wazee vilikuwa vingi sana. Mei 2020 serikali yao ikatenga pauni milioni 600 kwa makao ya Uingereza yenyewe (Scotland na wenzake wana mipango yao). Pesa hiyo ilikuwa pia ya kumlipa mfanyakazi mshahara kamili akijitenga, na kumzuia kuzunguka kutoka makao moja hadi mengine. Ilikuja wakiwa wamechelewa, lakini angalau ilimlenga mtu sahihi.

Huku kwetu, Machi 2020 makao ya watoto yaliambiwa yarudishe watoto kwa jamaa zao. Tunaweza kubishana kama ilikuwa sawa. Kuhusu kazi ya waliokuwa wakiwalea, huo mjadala sijausikia kwa jukwaa lolote.

Najua jibu linalokuja: makao mengine ni biashara ya kuvuna wafadhili. Ni kweli, na ndiyo maana tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Lakini yaliyosajiliwa yako kwa orodha, na orodha iko kwa serikali. Sisemi walipe mishahara yote. Nasema zile siku za karantini, zilipwe moja kwa moja kwa simu ya mfanyakazi, sio kwa akaunti ya mwenye makao.

Na msiniambie haiwezekani. Mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, ambao wengi wao walikuwa wamejitolea miaka na miaka, waliwekewa 5,000 kwa mwezi: nusu serikali kuu, nusu kaunti. Hao wanatembelea kaya. Mama wa makao hayumo.