Kulea Nyumba na Kumbana Mwenzako: Kweli au Uongo?

Mkoani Pwani bao halikosi watazamaji wenye maneno. Wapo wanaosifu kulea nyumba, yaani kurundika kete kwenye shimo kuu liitwalo nyumba mpaka lifurike. Wapo wanaosifu kumbana mpinzani asipumue. Mimi nasema mchezaji kamili hufanya yote mawili kwa pamoja, na kanuni zenyewe ni shahidi.

Tuyapime maneno hayo kwa bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi.

"Mwenye nyumba nono ameshashinda."
UONGO. Safu yako ya mbele ikibaki tupu umefungwa, hata kama ya nyuma imejaa. Na nyumba iko safu hiyo hiyo ya mbele, uso kwa uso na shimo la mwenzako. Shimo hilo likiwa na kete hata moja, na zamu ikiwa yake, anaongeza moja ya mkononi na kubeba akiba yako yote.

"Kulea na kubana ni kazi za zamu mbili tofauti."
UONGO, na hapa ndipo penye utamu wote. Tuseme nyumba yako ina 6, na shimo linaloitazama lina 4. Unatia kete moja kwenye nyumba: zinakuwa 7. Unakula zile 4 na kuzitawanya kuanzia kichwa cha kulia, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele upande huo. Nyumba ni shimo la nne kutoka kulia, kwa hiyo kete ya mwisho inaangukia humo: zinakuwa 8. Shimo la mbele yake sasa ni tupu, huna cha kula tena, na unaruhusiwa kulala, yaani kumaliza zamu, hapo hapo. Akiba imekua, na mpinzani amepoteza njia ya mkato ya kuifikia, kwa sababu kwenye namua, yaani awamu ya kucheza kete za mkononi, haruhusiwi kutia kete kwenye shimo tupu.

"Ukiweza kula, lazima ule."
KWELI. Sheria hii ndiyo inayompa nguvu mchezaji wa kubana. Fundi humwachia mpinzani shimo moja tu la kula, tena lisilo na madhara, na zamu yake inaishia huko. Lakini sheria haina upendeleo: nawe unaweza kulazimishwa kula mahali usipopapenda, nyumba ikabaki wazi. Ndiyo maana anayelea bila kutazama upande wa pili hupotea mapema.

"Mtaji ukiingia, shimo lililofurika ndilo silaha kubwa."
UONGO. Mtaji huingia kete za mkononi zikiisha, na hapo shimo lenye zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha kula. Kulea kuna kikomo. Nyumba isafirishwe mapema, wakati kete zake zikitawanyika zinakutana na mashimo ya mpinzani yenye kitu.

"Kulea na kubana kwa pamoja ni mbinu ya wazee wa bao tu."
UONGO. Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, una mbinu ya aina hiyo hiyo. Kwa kawaida mchezaji huteremsha karata moja tu ya ardhi kila zamu, na ardhi ndizo zinazolipia karata nyingine. Karata ya Rampant Growth, iliyotoka mwaka 1996, hulipiwa kwa ardhi mbili na kumletea ya ziada. Akiicheza zamu ya pili, zamu ya tatu anakuwa na ardhi nne, zinazotosha kulipia Wrath of God, karata inayoangamiza viumbe wote walioko mezani. Bila hiyo angengoja mpaka zamu ya nne. Huko nako akiba ndiyo inayoharakisha ulinzi, na ulinzi ndio unaoipa akiba muda wa kukua.

Kwa hiyo, kijana unayejifunza bao, kabla ya kutia kete usihesabu nyumba yako pekee. Tazama kwanza shimo linaloikabili. Likiwa na kete, hilo ndilo la kula kabla ya mengine. Likiwa tupu, endelea kulea.