Kufuli la Pili la Akaunti Zetu

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tunahifadhi mengi katika barua pepe: alama, rasimu za tasnifu, hata mitihani ambayo bado haijafanywa. Neno la siri pekee halitoshi kuyalinda, kwani likiibwa, mwizi huingia kama mwenye nyumba.

Programu ya uthibitishaji katika simu ya mkononi huongeza kufuli la pili. Siku ya kujisajili, simu husoma picha ya vijiraba kwenye kompyuta. Humo mna ufunguo wa siri. Baadaye simu hutumia ufunguo huo pamoja na saa yake kutengeneza tarakimu, kwa kawaida 6, zinazobadilika kila sekunde 30. Kwa hiyo haihitaji intaneti wala salio ili kuzitoa. Yahitaji saa sahihi tu.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, tusimtajie mtu tarakimu hizo, hata akijiita fundi wa chuo. Pili, tuandike misimbo ya akiba kwenye karatasi na kuiweka mbali na simu. Simu ikipotea bila misimbo hiyo, mwenye nyumba naye aweza kufungiwa nje.