Kwa nini Ziwa Kivu halijageuka kijani, na nini kinaweza kulibadilisha

Maji ya Ziwa Kivu yanayotazamwa kutoka Kamembe, wilayani Rusizi, bado ni maangavu, tofauti na ghuba nyingi za Ziwa Victoria ambako mwani huyageuza maji kuwa ya kijani. Uangavu huo unategemea jambo moja: virutubisho vingi vya ziwa vimefungiwa kilindini, mbali na mwanga wa jua. Uvunaji wa gesi, ufugaji wa samaki kwenye vizimba na mmomonyoko wa udongo ni mambo yanayoweza kuubadili mpangilio huo.

Mwani huhitaji nini?

Mwani wa ziwani ni viumbe vidogo, vingi visivyoonekana kwa macho. Huishi kwa mwanga na virutubisho, hasa fosforasi na nitrojeni. Ukiwa wa kiasi, hulisha vijidudu vinavyoliwa na isambaza, kwa hiyo ziwa lisilo na mwani halina samaki. Ukizidi, hufa kwa wingi, huzama na kuoza, na uozo huo humaliza oksijeni.

Anayefuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo huiona hali hiyo kwa udogo wake: taa ikiwaka mno na chakula kikibaki majini, kioo hufunikwa na utando wa kijani. Yeye anaweza kupunguza mwanga, kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji. Ziwa la takriban kilomita za mraba 2,400 halibadilishwi maji, wala jua lake halizimwi. Linalowezekana ni kudhibiti virutubisho.

Ziwa lenye matabaka

Kivu ina kina cha takriban mita 485. Maji ya chini yana chumvi nyingi zaidi, hivyo ni mazito na hayachanganyiki kwa urahisi na ya juu. Chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni. Huko ndiko mabaki ya mwani uliokufa yanakozama na virutubisho vyake, kando ya akiba kubwa ya gesi za kaboni dayoksaidi na methani. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, maji ya juu hupoa na kuchanganyika kwa kina zaidi. Sehemu ya virutubisho hupanda na mwani huongezeka. Hilo ni jambo la kawaida la kila mwaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, isambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika. Wamekuwa riziki ya wavuvi wengi, lakini baada ya kuletwa kwao, kiroboto-maji mkubwa aliyekuwa akila mwani alitoweka ziwani.

Gesi na maji yake

Mtambo wa KivuWatt huko Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, huvuta maji kutoka kilindini na kutenganisha methani ili kuzalisha umeme. Maji yanayobaki bado yamejaa virutubisho. Yakimwagwa juu, yangeurutubisha mwani kama mbolea shambani. Ndiyo sababu miongozo ya uvunaji wa gesi hutaka maji hayo yarudishwe kilindini, bila kudhoofisha matabaka yanayoizuia gesi isipande.

Rusizi ina hali yake

Bonde la Bukavu, ambalo Kamembe ipo kando yake, lina kina cha mita 100 hivi tu na limetenganishwa na ziwa kuu kwa kizingiti cha chini ya maji. Hapa hatari ya karibu zaidi hutoka nchi kavu: majitaka ya miji miwili, Kamembe na Bukavu, na udongo unaosombwa na mvua kutoka vilimani. Mbolea ya mashamba ya mpunga ya Bugarama haiingii Kivu. Huteremka na mto Rusizi kuelekea Tanganyika.

Hatua za kudhibiti zinajulikana. Sheria za Rwanda zinalinda ukanda wa mita 50 kutoka ufukwe wa ziwa. Matuta na miti ya kingoni hushika udongo, na fosforasi nyingi husafiri na udongo huo. Wenye vizimba hutakiwa kuwalisha samaki kwa kipimo, kwa kuwa chakula kisicholiwa huwa chakula cha mwani. Vyoo vinapojengwa mbali na maji, mzigo hupungua tena.

Maji yakionekana kuwa na utando wa kijani ulio kama rangi iliyomwagika, yasinywewe wala mifugo isinyweshwe, na uongozi wa eneo ujulishwe. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu inayotolewa na baadhi ya mwani.