Sura ya Saba: Iodini inataka ngozi safi na muda

Hapa Lubumbashi ukitaja Bétadine, kila mtu anajua unasema nini. Iko katika farmasi za Kamalondo, iko juu ya meza za wauza dawa katika mtaa wetu wa Kenya, iko nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kule Katuba. Kwa hiyo sitaeleza kidonda ni nini wala vijidudu ni nini. Sura hii ninawaandikia wale wanaoimwaga juu ya udongo na damu iliyoganda, wakaona ngozi imegeuka kahawia, wakaamini kwamba kazi imeisha. Nitapita sehemu tatu: ngozi nzima, kidonda, mtoto mchanga.

Neno ninalolisikia kuliko yote kwenye farmasi ni hili: "Dokta, hii haiumi, haina nguvu." Anayesema hivyo amezoea dawa ya zamani, iodini iliyoyeyushwa ndani ya alkoholi. Ile iliuma kweli, na sehemu kubwa ya maumivu ililetwa na alkoholi. Maumivu si kipimo cha dawa. Dawa ya alkoholi ikiingia ndani ya kidonda kibichi inachoma nyama hai, na nyama iliyochomwa inachelewa kupona. Tena inashika moto. Umeme unapokatika na mshumaa umewashwa, hiyo si chupa ya kufungua karibu na mtoto.

Tunayotumia leo, iliyo ndani ya Bétadine, ni povidoni-iodini. Ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1955 na H. A. Shelanski na M. V. Shelanski. Iodini yenyewe ilikwisha kujulikana tangu 1811, pale Bernard Courtois alipoipata katika majivu ya mwani huko Ufaransa. Shida ilikuwa ukali wake. Povidoni ni molekuli ndefu inayoishika iodini na kuiachilia kidogo kidogo, kama muuza unga anayetoa kipimo cha meka moja moja kutoka gunia. Katika dawa ya asilimia 10, iodini inayoweza kutumika ni asilimia 1, lakini ile iliyo huru kwa wakati mmoja ni kama sehemu moja tu katika milioni. Hiyo iliyo huru ndiyo inayoua. Inapotumika, nyingine inatoka kwenye povidoni na kushika nafasi yake.

Hapa kuna jambo linalowashangaza hata wauguzi. Ukiizimua dawa hiyo kwa maji, iodini iliyo huru inaongezeka, kwa sababu povidoni inalegeza mshiko wake. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dawa iliyozimuliwa iliua bakteria haraka kuliko ile nzito. Basi anayetaka "ile nyeusi kabisa" hanunui nguvu ya ziada. Lakini anayekimbilia kuizimua nyumbani anakosea pia. Dawa iliyozimuliwa ina akiba ndogo. Damu kidogo na usaha kidogo vinaimaliza. Na maji ya ndoo yanaleta wageni wake. Hata kiwandani uchafu umewahi kuingia: mwaka 1980 povidoni-iodini iliyotumika katika hospitali za New York ilikutwa na bakteria Pseudomonas cepacia, hai, ndani ya dawa ya kuua bakteria. Ikiwa kiwanda kiliponyokwa, chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa tena sokoni itakuwaje?

Ngozi nzima haina maneno mengi. Osha kwa maji na sabuni, kausha, pakaa, kisha acha ikauke yenyewe. Hesabu dakika mbili hivi. Usipepee, usifute kwa pamba ukadunga sindano ikiwa bado mbichi. Isituame chini ya mgongo wa mgonjwa, kwa sababu ikikaa imeloana saa nyingi inachubua ngozi na kuiunguza.

Kidonda kinataka maji kwanza. Narudia: maji kwanza, mengi, safi, yale unayoweza kuyanywa, ya kisima yachemshwe na kupozwa. Iodini haichagui: inashika protini ya damu na ya usaha kama inavyoshika bakteria, na ikishashika imekwisha. Rangi ikififia juu ya bandeji, iodini imetumika. Baada ya kuosha, pakaa mara moja kuzunguka kidonda na juu yake, funika kwa kitambaa safi. Kidonda kisafi kinachoanza kujaza nyama nyekundu hakihitaji kumwagiwa asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu chembe changa zinazokifunga nazo zinaumia.

Mchimbaji aliyechomwa mguu na chuma kwenye shimo asidhani amemaliza kwa sababu mguu umekuwa kahawia. Mbegu za pepopunda zinajificha ndani, mahali dawa ya juu haifiki, na hazifi kirahisi kwa iodini. Huyo anahitaji kusafishwa na chanjo, siku hiyo hiyo.

Na jamani, tuache ile kawaida ya kufungua vidonge vya tetrasiklini au ampisilini na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga unakauka, unafunika usaha, na unawafundisha bakteria kuzoea dawa tutakayoihitaji kesho. Dawa ya meno juu ya jeraha la moto ni upuuzi wa namna hiyo hiyo. Kuchanganya iodini na dawa nyekundu ya zebaki, ile ya merkurokromu, ni hatari tupu: vikikutana vinatengeneza chumvi inayounguza ngozi.

Sasa mtoto mchanga. Ngozi yake ni nyembamba, iodini inapita hadi kwenye tezi ya shingo na kuizuia isifanye kazi wakati ubongo unaihitaji. Mwaka 1988 madaktari wa Ubelgiji walieleza kwamba hata iodini iliyopakwa mama wakati wa kuzaa ilipita kwenye maziwa na kuvuruga vipimo vya tezi vya watoto wanaonyonya. Basi hakuna iodini kwenye kitovu. Majivu hapana, mate hapana, mawese hapana. Kitovu kiwe kisafi na kikavu. Ikiwa mtoto amezaliwa nyumbani, uliza kituo cha afya juu ya klorheksidini, ambayo Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa kazi hiyo.

Nilitaka sehemu hii iishie hapo, lakini siwezi kuiacha habari ya Kikuyu, nchini Kenya, kwa sababu inaonekana kunipinga. Huko, daktari Isenberg na wenzake waliwatia watoto wachanga 3,117 matone ya macho walipozaliwa ili kuzuia ugonjwa unaotoka kwa mama na kuweza kupofusha. Wengine walipewa nitrati ya fedha, wengine erithromisini, wengine povidoni-iodini ya asilimia 2.5. Matokeo yalitoka mwaka 1995: walioambukizwa walikuwa asilimia 17.5 kwa fedha, 15.2 kwa erithromisini, 13.1 kwa iodini. Dawa ya bei ndogo kuliko nyingine ilishinda, tena katika hospitali ya Afrika Mashariki. Ninaipenda kazi hii kwa sababu inaonyesha kwamba swali si "iodini ni nzuri au mbaya". Tone moja, mara moja, lililotengenezwa kwa ajili ya jicho, ni kitu kimoja. Kupaka kitovu na matako kila siku kwa wiki mbili ni kitu kingine kabisa.

Asiwepo mtu wa kusoma aya hiyo akachukua chupa ya nyumbani na kuitia machoni. Ile ya asilimia 10 si ya jicho. Ile yenye sabuni, inayotoa povu, ni ya kunawia mikono na kuosha ngozi nzima. Inaharibu kioo cha jicho. Chupa hizi zinafanana kwa rangi ya dawa, kwa hiyo soma karatasi yake, kila mara.

Wengine wananiambia hawawezi kuitumia kwa sababu samaki huwawasha. Kinachowasha ni protini ya samaki. Iodini tunaihitaji wote. Kisiwani Idjwi, ziwani Kivu, upungufu wake ulileta uvimbe wa tezi za shingo na watoto waliodumaa akili. Wa kumwuliza daktari kwanza ni mwenye ugonjwa wa tezi, mjamzito na mama anayenyonyesha, hasa ikiwa dawa itapakwa sehemu kubwa au siku nyingi.

Kuhusu chupa isiyo na karatasi, kuna kipimo cha jikoni. Weka tone juu ya unga mkavu wa bukari. Iodini ikikutana na wanga inageuka buluu karibu na nyeusi. Unga ukibaki na rangi ya kahawia tu, umenunua rangi, rudisha. Ukigeuka, umejua kwamba iodini imo. Hujajua ni kiasi gani, wala nani aliizimua, wala kwa maji gani. Chupa hiyo usiipeleke kwenye kidonda.